Kuishi kwa miguu katika mji wa magari: mtaa upi unakufaa?

Katika mji uliojengwa kwa ajili ya gari, mitaa inayokwendeka kwa miguu imekaa kama visiwa. Ndani ya kisiwa unapata mkate, dawa na shule bila kuwasha injini. Ukivuka mpaka wake unakutana na barabara ya njia sita, njia ya miguu inaishia mtaroni, na duka linalofuata limejificha nyuma ya uwanja mpana wa maegesho. Mtu anayetafuta nyumba huku akitaka kuishi bila gari, au kubaki na moja badala ya mawili, ana maswali mawili ya kujibu: ndani ya kisiwa hiki mna nini, na nikitaka kutoka nitatokaje? Wengi hujibu la kwanza peke yake. Wanavutiwa na miti na vibaraza vya migahawa, wanasaini mkataba, na kabla mwaka haujaisha wamenunua gari kwa sababu ya safari mbili tatu ambazo hawakuzihesabu.

Hapa tunalinganisha aina tano za mitaa ambazo hupatikana katika miji mingi ya namna hiyo: katikati ya mji, mtaa wa zamani wa tramu (gari la abiria linalopita juu ya reli barabarani), mtaa wa kituo cha treni, mji mdogo wa kale uliomezwa na mji mkubwa, na mtaa mpya uliopangwa makusudi kwa waenda kwa miguu.

Anza na safari zako

Chukua karatasi uandike kila safari ambayo watu wa nyumba yako hufanya kwa wiki ya kawaida: kazini, shuleni, dukani, kliniki, ibada, mazoezi, kwa ndugu. Safari ya kazini ndiyo hutawala mawazo ya mtu anayehama, lakini ukishaandika yote utaona imezidiwa na vijisafari vya dukani, shuleni na kwenye huduma. Hivyo vidogo ndivyo vinavyoamua kama gari litahitajika.

Kisha zigawe. Jambo la kila siku liwe ndani ya mita 400, la kila wiki ndani ya mita 800, na la kila mwezi linaweza kuwa popote basi au treni inapofika. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 80 hivi kwa dakika, kwa hiyo mita 400 ni dakika 5 na mita 800 ni dakika 10. Clarence Perry, mpangaji miji wa Marekani, alitumia robo maili, yaani takribani mita 400, alipoeleza mtaa wake wa mfano mwaka 1929, na kipimo hicho kinatumika hadi leo. Mtoto wa miaka mitano au mzee hutembea mita 60 kwa dakika, pengine chini ya hapo. Kwao mita 800 ni zaidi ya dakika 13, kwenda tu.

Umbali upimwe kwa njia ambayo miguu itapita. Katika vitongoji vyenye barabara zisizotokea upande wa pili, duka lililo mita 200 kwa mstari ulionyooka linaweza kuwa kilomita nzima kwa kutembea, kwa kuwa kuta za majirani zimeziba katikati. Angalia basi umbali kutoka kona hadi kona. Portland, katika jimbo la Oregon, ina vitalu vya majengo vya mita 61 kila upande. Salt Lake City ina vitalu vya mita 201. Portland unapata kona ya kukata karibu kila dakika. Salt Lake City mzunguko wa kitalu kimoja tu ni mita 800, bajeti yako yote ya dakika 10. Kwa makazi, mtaa ambao kona zake haziachani zaidi ya mita 150 ni mzuri.

Ongeza na muda wa taa. Makutano makubwa yenye mzunguko wa sekunde 120 humsimamisha mwenda kwa miguu kwa sekunde 45 hivi kwa wastani, na ukifika vibaya ni zaidi ya dakika moja na nusu. Sekunde 45 ni sawa na mita 60 za kutembea. Ukilazimika kuvuka mara mbili ili ufike kona ya mshazari, hesabu mita 120. Duka la "mita 350" lililo ng'ambo ya makutano ya aina hiyo si duka la dakika 5.

Alama za Walk Score, zinazopima jinsi mahali panavyokwendeka kwa miguu na ambazo tovuti nyingi za nyumba za Marekani na Kanada huonyesha, zina kazi yake. Zinatoka 0 hadi 100. Huduma iliyo ndani ya dakika 5 hupata alama kamili, na iliyo zaidi ya dakika 30 haipati kitu. Zinatazama pia urefu wa vitalu na wingi wa makutano. Haziangalii kama njia ya miguu ipo kweli, kama kuna kivuli, kama magari yanapita kwa kilomita 70 kwa saa, wala kama hilo duka la vyakula linauza mboga. Zitumie kupunguza orodha ndefu ya nyumba; usichague nyumba ya mwisho kwa alama hizo.

Katikati ya mji

Hapa ndipo mabasi na treni zote hukutana, na hilo ni jambo kubwa. Kisiwa hiki kina madaraja kila upande. Aliye na kazi zinazobadilika mahali kila mwaka, au wawili wanaofanya kazi pande tofauti za mji, hawatapata mahali bora zaidi pa kutokea.

Tatizo ni kwamba katikati ya miji ya magari kulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisini, nao hurudi kwao jioni. Houston ina mahandaki ya waenda kwa miguu yenye urefu wa kilomita zaidi ya 9 chini ya majengo yake, yamejaa maduka ya chakula na huduma, lakini mengi hufanya kazi saa za ofisi tu na mwisho wa wiki hufungwa. Calgary, huko Kanada, ilianza mwaka 1970 kuunganisha majengo kwa madaraja ya juu kwa ajili ya baridi. Mifumo hiyo inamsaidia mtu saa sita mchana, kisha inauacha mtaa ulio wazi bila watu wala milango kwa sababu biashara zimehamia ndani. Mkazi anayetoka saa mbili usiku kununua dawa anakuta kuta na vioo vyeusi.

Kwa hiyo usiitembelee katikati ya mji Jumanne mchana. Nenda Jumapili asubuhi na siku ya kazi saa mbili usiku, utembee mita 400 kila upande kutoka kwenye jengo unalolitaka, na uhesabu milango iliyo wazi. Tafuta hasa duka kamili la vyakula. Maeneo mengi ya katikati yana moja tu, na likifungwa maisha ya miguu yanavunjika siku hiyo hiyo. Angalia pia viwanja vya maegesho vilivyo wazi. Vikifuatana vitatu au vinne, hiyo ni sehemu ya njia isiyo na taa ya dirisha wala macho ya mtu.

Shule ni kidonda kingine. Wenye watoto waulize shule ya msingi iko wapi kabla ya kuuliza kodi.

Mtaa wa zamani wa tramu

Mwaka 1888 Frank Sprague aliendesha mfumo wa tramu za umeme mjini Richmond, Virginia, ukawa wa kwanza kufanikiwa kwa ukubwa huo, na kwa miaka 40 iliyofuata miji ya Marekani na kwingineko ilikua kwa kufuata reli za tramu. Sura ya mitaa ile ilitokana na miguu. Abiria alishuka kituoni akatembea hadi nyumbani, kwa hiyo mjenzi alibana viwanja viwe vyembamba ili nyumba nyingi ziwe karibu na reli. Maduka yalijipanga pale abiria aliposhuka. Matokeo yake ni barabara moja ndefu ya biashara, na nyuma yake vijia vifupi vya nyumba za familia vinavyotokea barabarani kila baada ya mita 80 au 100.

Tramu zenyewe ziling'olewa. Los Angeles, inayotajwa kila mara kama mji wa magari, iliwahi kuwa na mtandao wa Pacific Electric wenye zaidi ya kilomita 1,600 za reli. Safari ya mwisho ya mtandao huo ilikuwa mwaka 1961. Lakini barabara zilibaki, viwanja vilibaki, na mara nyingi basi lilirithi njia ile ile. Ukiona barabara ya biashara iliyonyooka, pana kuliko inavyohitajika, yenye majengo ya ghorofa moja au mbili yanayogusa njia ya miguu na mlango wa duka kila mita 8 au 10, yaelekea uko kwenye mtaa wa tramu.

Kugusa njia ya miguu ndiko kunakoutofautisha. Majengo hayo yalijengwa kabla ya sheria zilizolazimisha kila duka liwe na idadi fulani ya nafasi za maegesho. Sheria hizo zilipokuja katikati ya karne ya 20, duka jipya lililazimika kurudi nyuma na kuweka magari mbele, na mwenda kwa miguu akabaki kuvuka lami mita 60 ili aufikie mlango. Buffalo, New York, iliondoa masharti hayo mji mzima mwaka 2017, na miji mingine imefuata, lakini majengo ya miongo iliyopita hayahami.

Kwa familia nyingi hii ndiyo aina tunayoipendekeza. Ina nyumba za ukubwa tofauti, shule ndogo ndani ya mtaa, miti iliyokua, na maduka ya kodi ndogo yanayoweza kuuza vitu vya kawaida: fundi viatu, famasi, kinyozi, duka la vifaa. Hakuna mtaa uliochorwa kwa mara moja unaopata mchanganyiko huo kwa urahisi.

Yanayoharibika ni haya. Kwanza, barabara ya biashara iligeuzwa kuwa njia ya kupitia ya watu wa vitongoji vya mbali, na kasi ikapanda. Pima umbali kati ya kivuko kimoja chenye taa na kingine: mita 150 hadi 200 ni vizuri, zaidi ya 400 maana yake watu wanavuka popote, na wewe utavuka popote. Pili, mtaa ukipendwa sana maduka ya lazima hupotea. Famasi inakuwa baa, duka la vyakula linakuwa duka la mapambo. Mtaa wenye migahawa 30 na hauna mboga ni mtaa wa wageni. Mkazi wake ana gari. Tatu, mizizi ya miti ya zamani huinua mawe ya njia za miguu, jambo ambalo kijana halioni, lakini anayetumia kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto huligundua katika mita 50 za kwanza.

Na basi lililorithi njia ya tramu likaguliwe. Likipita kila dakika 10 au 12, huhitaji ratiba: unatoka tu. Likipita kila dakika 30, ukikosa moja mpango wa siku unavunjika. Soma ratiba ya Jumapili na ya saa nne usiku, siyo ya asubuhi ya Jumatatu ambayo kila njia hupendeza.

Mtaa wa kituo cha treni

Mfano unaosomwa sana ni ukanda wa Rosslyn hadi Ballston, kaunti ya Arlington, jirani na Washington. Vituo vitano vya chini ya ardhi vilipangwa chini ya barabara ya biashara iliyokuwa imechoka, treni ikafika Ballston mwaka 1979, na kaunti ikaruhusu majengo marefu karibu na vituo huku ikilinda nyumba za chini zilizo mitaa michache nyuma. Ukiwa pale unaweza kuishi ghorofa ya kumi na kuwa na bustani ya jirani ndani ya dakika chache.

Siri ya Arlington ni mahali reli ilipopita. Kulikuwa na pendekezo la kuipitisha katikati ya barabara kuu ya mwendo kasi, ambako ujenzi ungekuwa nafuu. Kaunti ikapigania iwe chini ya mtaa wenye maduka. Miji mingi ilichukua njia ya nafuu. Duara la mita 800 kuzunguka kituo ni hekta 200 hivi za ardhi ya kutembea. Weka kituo katikati ya barabara kuu, toa barabara yenyewe, michepuko yake ya kuingilia na uwanja wa magari ya abiria, na sehemu kubwa ya ardhi ile imekufa. Kinachobaki kinapokea kelele na moshi. Uchafu wa magari hupungua sana ukishafika mita 150 hadi 300 kutoka barabara kuu, basi nyumba iliyo "hatua chache kutoka kituoni" huenda ndiyo isiyofaa kulala.

Kwa hiyo, ukiwa kituoni, toka nje ugeuke pande zote nne. Upande ambao ndani ya dakika 3 hujafika mlango wa duka au wa nyumba, ufute kwenye ramani yako.

Kosa la pili la mitaa hii ni ghorofa za chini tupu. Kanuni nyingi hulazimisha kila jengo jipya kuwa na maduka chini, lakini maduka hayo ni makubwa, mapya na ghali kwa kodi, na wakazi bado wachache. Yanakaa miaka yakiwa na mabango ya kupangisha. Usikubali picha ya mchoro. Duka ambalo halijafunguliwa siku unayosaini lihesabu kama halipo.

La tatu: reli moja huenda njia moja. Treni ya Houston iliyoanza mwaka 2004 inaunganisha katikati ya mji, eneo la makumbusho na kituo kikubwa cha hospitali cha Texas Medical Center. Anayefanya kazi hospitalini na kuishi kando ya reli hiyo ana safari safi kabisa. Mwenzake anayefanya kazi kwenye ofisi za pembezoni magharibi mwa mji hana faida yoyote ya kuishi karibu na kituo kile kile. Kila kubadilisha chombo huongeza dakika za kusubiri: kama cha pili hupita kila dakika 20, weka dakika 10 kwa wastani, na 20 kwa siku mbaya.

Mji mdogo uliomezwa

Decatur, jimbo la Georgia, ilianzishwa mwaka 1823, kabla ya Atlanta iliyokuja kuizunguka. Ina uwanja wake wa zamani wa mahakama, serikali yake, shule zake, na tangu 1979 kituo cha treni ya MARTA, shirika la usafiri wa umma la Atlanta, pale pale katikati. Miji ya namna hii ipo pembezoni mwa miji mingi mikubwa, na mara nyingi haionekani kwenye matangazo ya nyumba kwa sababu tangazo huandika jina la mji mkubwa. Itafute kwenye ramani kwa kuangalia mahali ambapo mistari ya barabara inabana ghafla na kuwa na kona nyingi, mbali na katikati.

Faida yake ni ukamilifu. Maktaba, posta, kliniki, shule na ofisi za serikali vilijengwa mahali pamoja kwa sababu palikuwa mji kamili. Mzee anayetaka kufanya mambo yake yote ndani ya mita 500, bila haraka na bila kubadilisha basi, hapati kilicho bora kuliko hiki.

Udhaifu ni udogo. Kisiwa kinaweza kuwa na nusu kilomita tu kutoka katikati hadi ukingoni, na nyumba zilizo ndani yake ni chache na hugombewa. Wauzaji huita "karibu na mji wa kale" nyumba iliyo kilomita 2 nje, katika vijia visivyotokea popote. Hiyo si nyumba ya kutembea. Ni nyumba ya gari yenye anwani nzuri. Na kama treni haifiki, uliza basi la mwisho kutoka katikati ya mji mkubwa huondoka saa ngapi. Miji mingi iliyomezwa hufungwa mapema.

Mtaa mpya uliopangwa kwa miguu

Seaside, Florida, iliyoanza mwaka 1981, ndiyo iliyoamsha wimbi la wajenzi wanaochora mitaa ya kutembea kuanzia sifuri. Kentlands, Maryland, ikafuata mwaka 1988. Mitaa hii kwa kawaida ina njia nzuri za miguu kuliko zote tano: pana, sawa, zenye kivuli, na magari ya polepole. Kwa mtoto anayejifunza baiskeli haina mpinzani.

Ila swali la pili ndilo huiangusha. Mtaa uliojengwa kwenye shamba la zamani kando ya barabara kuu una milango miwili mitatu ya kutokea, na nje ya milango hiyo kuna njia sita za magari. Ndani unatembea, kisha unaendesha gari kwenda kazini, shule ya sekondari na hospitali. Brasília, mji mkuu wa Brazili uliozinduliwa mwaka 1960, inaonyesha hilo kwa ukubwa wa mji mzima. Vitalu vyake vya makazi vilipangwa vinne vinne pamoja na shule na maduka, majengo yamesimama juu ya nguzo ili watu wapite chini, na mkazi wa upande wa kusini anaweza kutembea kivulini hadi dukani. Lakini barabara kuu ya katikati, yenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa, inaukata upande huo katika sehemu mbili, na vivuko vyake ni vya chini ya ardhi ambavyo watu wengi huviogopa usiku.

Tofauti inayotia moyo ni Culdesac, mjini Tempe karibu na Phoenix, iliyopokea wakazi wa kwanza mwaka 2023. Wakazi hawana maegesho ya magari yao pale, vijia ni vyembamba ili majengo yatie kivuli, na kituo cha treni ya mtaani kiko mlangoni. Waliochora walianza na njia ya kutokea, ndipo wakaweka nyumba.

Kwa mtaa mpya uliza pia ada ya chama cha wakazi, ambacho huwa na nguvu za kutoza na kukataza, na uliza ni maduka mangapi yamedumu zaidi ya miaka miwili.

Mitaa ya pembeni mwa vyuo vikuu ni ya kufikiriwa na wasio na watoto wadogo: maduka ya bei nafuu, mabasi mengi, na kelele. Kumbuka kuwa chuo kikifunga, mabasi hupungua.

| Aina | Mahitaji ya kila siku | Njia ya kutoka | Huvunjika wapi | Humfaa hasa |
|---|---|---|---|---|
| Katikati ya mji | Wastani. Dhaifu usiku na Jumapili | Bora kuliko zote | Duka moja la vyakula, shule | Wasio na watoto, wenye kazi pande tofauti |
| Mtaa wa tramu | Nzuri sana | Basi, likiwa la mara kwa mara | Kasi ya barabara kuu ya mtaa, maduka kugeuka baa | Familia |
| Mtaa wa kituo | Hutegemea umri wa mtaa | Nzuri kwa njia moja | Barabara kuu jirani, maduka matupu | Mwenye kazi kando ya reli ile ile |
| Mji uliomezwa | Kamili, eneo dogo | Nzuri treni ikifika | Nyumba chache, usiku mapema | Wazee, wafanyao kazi nyumbani |
| Mtaa mpya | Huchelewa miaka ya mwanzo | Dhaifu isipokuwa reli iko mlangoni | Ukingoni, kwenye barabara kuu | Wenye watoto wadogo na gari moja |

Kagua ukingo wa kisiwa

Katika aina zote, ukingo ndio unaojeruhi watu. Barabara ya njia sita pamoja na njia ya kukunja ina upana wa mita 25 hivi. Kanuni za taa za Marekani huhesabu mwenda kwa miguu kwa mita 1.07 kwa sekunde, yaani sekunde 23 au 24. Mzee wa mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 31. Simama pale na saa, uhesabu sekunde kutoka taa ya kuvuka inapowaka hadi magari yanaporuhusiwa. Zikipungua 30, na katikati hakuna sehemu salama ya kusimama, kivuko hicho si cha mzazi wako.

Tazama pia njia za kukunja bila kusimama, zile zinazopinda kwa ulaini kwenye kona. Dereva anayepita hapo anatazama magari yanayotoka upande wa pili, siyo mtu anayeingia kivukoni. Na kasi: mtu aliyegongwa na gari la kilomita 30 kwa saa kwa kawaida hunusurika, kwenye 50 hatari ya kifo huongezeka mara kadhaa. Kibao cha kikomo hakisemi chochote kuhusu kasi halisi. Upana wa barabara na unyoofu wake ndivyo vinavyosema.

Daraja la waenda kwa miguu lisikupumbaze. Sakafu yake ikiwa mita 6 juu, mteremko unaofaa kiti cha magurudumu, wa 1 kwa 12 (mita 1 juu kwa kila mita 12 za mbele), unahitaji mita 72 kupanda na 72 kushuka. Umeongeza mita 144 kuvuka barabara ya mita 25, kwa hiyo wengi watakata chini, katikati ya magari.

Hesabu kodi pamoja na usafiri

Nyumba ya mtaa mzuri huonekana ghali kwa sababu gharama ya gari imekaa kwenye daftari jingine. Ziweke pamoja. Kwa kila nyumba jumlisha kodi ya mwezi, nauli, na kwa kila gari: mkopo au kushuka kwa thamani, bima, mafuta, matengenezo, matairi, leseni na maegesho. Center for Neighborhood Technology, shirika la utafiti wa miji la Chicago, hutumia asilimia 45 ya kipato kama kikomo cha makazi na usafiri kwa pamoja, na ni kikomo chenye busara kuliko kuangalia kodi peke yake.

Muulize mwenye nyumba kama nafasi ya gari imo ndani ya kodi au inalipiwa kando. Ikiwa imo na wewe huna gari, unalipia lami ya mtu mwingine. Omba ipunguzwe, au itenganishwe kwenye mkataba.

Faida kubwa ya fedha kwa familia nyingi huja kwa kutoka magari mawili hadi moja. Kutoka moja hadi sifuri ni hatua tofauti, na hufanikiwa pale tu kila safari ya karatasi yako ya wiki ina jibu, pamoja na ile ya hospitali usiku.

Kuamua

Kama kazi iko ndani ya mita 800 kutoka kituo cha treni, anza na mitaa ya kituo kwenye reli ile ile, kisha mji uliomezwa kama reli unaupitia. Kama kazi iko kwenye ofisi za pembezoni ambazo hata basi haliingii, hakuna mtaa utakaokuondolea gari. Chagua mtaa wa tramu, baki na gari moja la kazini, na mengine yote yafanywe kwa miguu. Anayefanya kazi za zamu aanze na ratiba ya usiku kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi itampeleka katikati ya mji.

Ukishabaki na nyumba mbili, nenda kwenye kila moja ukafanye mambo ya kweli. Nunua mahitaji ya siku tatu, kilo 10 hivi, uyabebe au uyasukume kwa toroli ndogo hadi mlangoni pa nyumba hiyo. Fika kwa basi, siyo kwa gari la wakala. Rudi tena giza likiingia, na mara nyingine saa nane mchana wa jua kali au siku ya mvua, uone maji yanasimama wapi.

Mwisho, kabla ya kusaini, pita ofisi ya mipango miji au tovuti yake uangalie kama barabara iliyo ukingoni ina mpango wa kupanuliwa, na kama njia ya basi unayoitegemea imo kwenye orodha ya mabadiliko. Mipango hiyo huwa wazi kwa umma. Barabara ikiongezewa njia mbili, kivuko chako cha sekunde 24 kinakuwa cha 30 na zaidi, na nyumba uliyoichagua kwa ajili ya duka la ng'ambo inakuwa mbali nalo bila kuhama hata hatua moja.